Guta: Historia Iliyochomelewa kwa Vyuma Chakavu

Guta huanza kwa msumeno. Fundi huchukua baiskeli kongwe, ya zile nzito za Kichina au za Kihindi ambayo fremu yake bado haijaliwa na kutu kwenye maungio, akaikata nyuma ya tandiko na kubaki na nusu ya mbele: usukani, uma, gurudumu moja, pedeli na mkono wa pedeli. Nusu ya nyuma huenda kwenye rundo, ikatafutiwe kazi nyingine. Mahali pake huja fremu pana ya mabomba ya maji na chuma cha pembe, mbao za kulalia mzigo, magurudumu mawili na ekseli moja ndefu ya kuyaunganisha. Kukata si kazi. Kazi iko kwenye ekseli.

Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi guta ni nini. Amelikuta barabarani na kreti za soda, mabati, magodoro, madumu ya maji, ameliona likihamisha kabati na kitanda cha mpangaji aliyepata chumba kingine mtaa wa pili. Lakini akifungua vitabu vya historia ya usafirishaji nchini atakuta Reli ya Kati, TAZARA, bandari na malori. Guta halimo. Kutokuwemo kwake ni dosari ya vitabu, kwa kuwa chombo hiki kina historia ndefu inayopita Coventry, Mombasa, Nairobi, Kinshasa na Goma, na waliokitengeneza walifanya kazi ya uhandisi ingawa hakuna aliyewaita wahandisi.

Suala la ekseli ni la zamani kuliko gari. Chombo chenye magurudumu mawili yaliyopangana ubavu kwa ubavu kikikata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Yakifungwa yote kwenye chuma kimoja yazunguke kwa pamoja, lazima moja liburuzwe. Tairi linalika na chombo kinagoma kugeuka. James Starley, fundi wa cherehani aliyegeukia baiskeli katika mji wa Coventry, Uingereza, alikumbana na jambo hilo miaka ya 1870 alipokuwa akitengeneza baiskeli za magurudumu matatu. Mwaka 1877 alipata jibu: mpangilio wa giya unaogawa nguvu ya miguu kwa magurudumu yote mawili huku kila moja likiachiwa mwendo wake. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alikuwa amesajili wazo la aina hiyo tangu 1827 kwa ajili ya gari la mvuke, ila Starley ndiye aliyelipeleka kwenye baiskeli. Giya hizo ndizo mafundi wetu wa magari wanazoziita difu.

Watu wa heshima walizipenda baiskeli hizo. Malkia Victoria aliagiza za kwake kutoka kwa Starley mwaka 1881. Na Karl Benz alipotoa gari lake la injini huko Mannheim, Ujerumani, mwaka 1886, lilikuwa na magurudumu matatu ya spoku, cheni za kuzungusha magurudumu ya nyuma, na difu. Gari lililofungua zama za magari lilichukua viungo vyake vingi kwenye karakana za baiskeli. Yafaa kulikumbuka hilo kila mtu anapolitazama guta kama gari lililoshindwa kuwa gari.

Upande wetu, kwa muda mrefu mzigo ulibebwa na mwili wa mtu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilitegemea wapagazi, kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na punda waliojaribiwa njiani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Uingereza yaliandikisha wapagazi kwa malaki, wengi kwa kulazimishwa, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa hapo panapoitwa leo Kariakoo. Ni eneo hilo hilo ambalo sasa maguta hupita mchana kutwa yakitoa bidhaa madukani kupeleka vituo vya mabasi na maghala.

Kuna mfano mmoja wa mapema unaopaswa kujulikana zaidi. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa, kwa nia ya kufika Ziwa Victoria. Mradi ulikufa baada ya kilomita chache. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitandikwa upya kisiwani, juu yake vikawekwa vigari vidogo vya kusukumwa na watu, na hadi miaka ya 1920 maofisa na wafanyabiashara walikuwa wakipelekwa kwa vigari hivyo kati ya Kilindini na Mji wa Kale. Mabaki ya ndoto ya kampuni yakawa usafiri wa mji mzima. Jasho, kama kawaida, lilikuwa la msukumaji.

Katika bandari hizo hizo, Mombasa na Unguja, kulikuwa na mahamali waliovuta mikokoteni, baadhi yao Washihiri waliotoka Hadhramaut, ambao pia walijulikana kwa kuuza maji mitaani. Mkokoteni wa mbao ulidumu mpaka magari yalipoanza kuzeeka na kufia hapa kwetu. Pikapu iliyokufa iliacha ekseli, rimu na matairi. Fundi aliyejua kuchomelea alifunga juu yake fremu na mbao, akaweka mpini wa chuma mbele, na mkokoteni wa mjini tunaoujua ukazaliwa: mzito, lakini wenye beringi zinazoteleza na matairi yanayomeza mashimo.

Nairobi ndiko kazi hiyo ilipoandikwa vizuri zaidi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyowafanya wachumi wa dunia waanze kuwatazama mafundi wa mitaani kama sekta, si kama watu wanaosubiri kazi za kweli. Miaka miwili baadaye mtafiti Kenneth King alichapisha uchunguzi wake juu ya mafundi waliounda mashine zao wenyewe, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya mafundi hao. King aliona jambo ambalo wageni wengi walilipita: mafundi wa Nairobi hawakuwa wakitengeneza bidhaa tu, walikuwa wakitengeneza mashine za kutengenezea bidhaa, za kukata, kukunja na kutoboa chuma, kwa kutumia chuma chakavu. Serikali ya Kenya ilichukua muda kulikubali. Waraka wa sera uliowataja mafundi hao kwa jina lao la jua kali ulitoka mwaka 1992.

Tanzania ilipita njia nyingine kufika hapo hapo. Baada ya Azimio la Arusha viwanda vikubwa vingi vilikuwa vya umma, na baiskeli nazo zilikuwa na kiwanda chake, NABICO, kilichotoa baiskeli za Swala. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo. Arusha ikapata TEMDO mwaka 1980 na CAMARTEC mwaka 1981, taasisi za kubuni mashine na zana za vijijini. Mipango ilikuwa mizuri. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilikausha maduka ya vipuri. Tyubu ya baiskeli ikawa kitu cha kutafutiwa mtu anayemjua mtu. Lori likiharibika beringi liliweza kulala miezi.

Miaka hiyo ilifunza ufundi kuliko chuo chochote. Kitu kisichopatikana dukani kilitolewa kwenye kitu kilichokufa, na kisichotoka huko kilifuliwa. Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, ilikua kuwa mtaa wa mafundi chuma, mahali ambapo pipa huwa jiko, nondo huwa patasi na springi ya lori huwa panga. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeingia madarakani mwaka uliofuata, bidhaa zilirudi kwa kishindo. Mji ukajaa wafanyabiashara wadogo wenye mizigo midogo: si ya kujaza lori, na mizito mno kwa bega. Mizigo ya namna hiyo ndiyo riziki ya guta.

Sasa turudi kwenye ekseli. Mwendesha guta hana fedha ya kununulia difu, na difu ya gari ni nzito kwa miguu ya mtu mmoja. Fundi wa baiskeli za mizigo, Dar es Salaam kama alivyo yule wa Dhaka au Delhi, ana jibu ambalo Starley angelielewa mara moja: gurudumu moja la nyuma hukazwa kwenye ekseli na kuzungushwa na cheni, la pili huachiwa huru juu ya beringi zake. Chombo husukumwa na gurudumu moja. Kina tabia ya kuvuta upande kidogo mzigo ukiwa mzito, na mwendeshaji hujifunza kuurekebisha kwa usukani bila kufikiri, lakini kona hukatika bila kuburuza tairi. Gharama yake ni beringi moja na saa chache za fundi.

Cheni nayo haitoshi. Kutoka kwenye pedeli hadi ekseli ya nyuma ni mbali kuliko kwenye baiskeli, hivyo cheni mbili huunganishwa kuwa moja, na ikilegea huwekewa kipande cha chuma chenye gurudumu dogo la kuikaza. Halafu kuna spoku, na hapa ndipo mjenzi mgeni hufeli. Baiskeli ya magurudumu mawili ikikata kona hulala, kwa hiyo uzito hushuka wima kupitia spoku. Guta halilali. Likikata kona na mifuko sita ya saruji, yaani kilo 300, mzigo husukuma magurudumu kwa ubavu, na rimu ya kawaida ya baiskeli hujikunja ikaharibika papo hapo. Wanaojua huweka rimu na spoku za pikipiki, au hushikilia ekseli pande zote mbili za kila gurudumu ili isipinde.

Fremu ya mabomba ina hatari yake. Bomba la maji limepakwa zinki ili lisishike kutu, na zinki ikipigwa moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Fundi makini huikwangua zinki kwa grenda kwanza, sentimita kadhaa kila upande wa maungio. Asiye na muda huchoma hivyo hivyo, kisha anakunywa maziwa akiamini yatamsafisha kifua. Maziwa hayaondoi moshi wa zinki mapafuni. Hili ni la kusemwa wazi kwenye kila karakana, na barakoa nzuri ya kuchomelea ingepaswa kuwa ya kwanza kwenye orodha ya msaada wowote unaopelekwa kwa mafundi.

Breki ni udhaifu ambao hakuna haja ya kuuficha. Breki ya baiskeli ilibuniwa kumsimamisha mtu na kifurushi, na guta lililopakiwa lina uzito mara kadhaa ya huo. Ndiyo maana kwenye mteremko mwendeshaji hushuka akalishikilia kwa nyuma, na kwenye mlima hushuka akalisukuma. Aliyewahi kulifuata kwa gari na kupiga honi ajue kwamba yule aliye mbele ndiye breki.

Kongo imekuwa na historia yake, kali zaidi. Kivu ya Kaskazini ilianza kutumia chukudu miaka ya 1970: chombo cha mbao ngumu chenye magurudumu mawili, matairi yake vipande vya mpira wa matairi ya gari, kinachoteremka na viazi na makaa kutoka milimani hadi Goma. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002 na lava kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, machukudu yalikuwa miongoni mwa vyombo vilivyobeba mbao na mawe ya kuujenga upya. Leo Goma ina sanamu kubwa ya mwendesha chukudu, iliyosimamishwa mwaka 2009. Ni mji wa nadra uliompa mchukuzi wake heshima wanayopewa majenerali.

Kwenye Mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, baiskeli ya magurudumu matatu iliingia kwenye biashara kwa njia ya pekee. Tangu miaka ya 1970, enzi za Rais Mobutu, watu wenye ulemavu walipewa nafuu ya ushuru na nauli kwenye kivuko. Wengi wao waliugua polio utotoni. Baiskeli zao za kuzungushwa kwa mikono zilizochomelewa mjini zikapanuliwa mwaka hadi mwaka, zikaongezewa majukwaa, mpaka chombo cha kumpeleka mtu mmoja kikawa cha kubeba vitambaa, sabuni na unga, kikisukumwa na wasaidizi wanaolipwa. Sera ya huruma ikawa ajira. Biashara hiyo ilipata pigo mwaka 2014, wakati Brazzaville ilipoendesha operesheni ya Mbata ya Bakolo na kuwafukuza zaidi ya Wakongo 100,000 wa ng'ambo ya mto. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi ya Rwanda wafanyabiashara wenye ulemavu, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, nao wamekuwa wakivuka na baiskeli zao zilizosheheni. Dunia ilizijua baiskeli za aina hiyo kupitia muziki: kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa, lililotoa albamu yake mwaka 2009 na kufuatiwa na filamu mwaka 2010, lilipanda jukwaani likiwa na baiskeli hizo hizo.

Ulinganishe na Copenhagen. Mwaka 1984, katika mtaa wa Christiania, mhunzi Lars Engstrøm alimtengenezea mwenzi wake Annie Lerche baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo mbele. Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Majirani wakataka za kwao, karakana ikakua, na leo baiskeli za aina hiyo zinawapeleka watoto shule za chekechea kila asubuhi huku mji ukizijengea njia pana. Kilichotofautiana na guta si akili ya fundi. Ni kwamba mji ule ulikitazama chombo chake, ukakitengea njia, ukakiandikia historia.

Miji mingine ilichagua kinyume. Jakarta miaka ya 1980 ilikamata becak, baiskeli za magurudumu matatu za kubeba abiria, kwa maelfu na kuzitupa kwenye ghuba yake. Vietnam, kwa Azimio namba 32 la mwaka 2007, ilipiga marufuku vyombo vya magurudumu matatu na manne vilivyoundwa mitaani kuanzia Januari 1, 2008. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na msongamano, na si za uongo: chombo kisicho na breki za kutosha kinaua. Lakini kosa la breki lilikuwa na dawa ya breki. Kukifuta chombo kizima kulimwondolea mwenye nacho kazi, na mzigo haukutoweka; ulitafuta bega.

Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2010 ziliingiza pikipiki na bajaji kwenye mfumo wa leseni za biashara, na hiyo ilikuwa hatua ya maana. Karibu na wakati huo yalikuwa yakimiminika maguta ya injini kutoka China, yenye difu ya kiwandani na bodi ya bati, ambayo watu wameyaita Toyo kwa jina la chapa ya pikipiki. Yana nguvu na kasi ambazo pedeli haiwezi kuzifikia. Lakini yanapovunjika, na fremu zake huvunjika palepale nyuma ya kiti cha dereva ambapo uzito hukutana, yanarudishwa kwa fundi yule yule wa mabomba, naye huyaongezea chuma ambacho kiwanda kilikibania. Ujuzi haujafa, umehamia kwenye kazi ya kukarabati.

Upo pia ushahidi kwamba ujuzi huo ukipewa nafasi unapanda. Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli Arusha. Kwa vipuri vya baiskeli ametengeneza pampu ya maji, mashine ya kutoboa chuma na mashine nyingine za kuendeshwa kwa pedeli, akakutana na wabunifu wa chuo cha MIT cha Marekani, na baadaye akashiriki kuanzisha karakana ya Arusha ambamo wengine hufundishwa kubuni. Hakuacha kuwa fundi baiskeli ili awe mbunifu. Alikuwa mbunifu tangu alipokuwa fundi baiskeli, na kilichobadilika ni kwamba watu walimsikiliza.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yanayo magari ya zamani ya viongozi. Yanahitaji pia guta moja la pedeli, lililonunuliwa kwa bei ya haki kutoka kwa aliyelijenga, likiwa na maelezo ya ekseli yake na jina la fundi ubaoni. SIDO na vyuo vya ufundi vya VETA vinaweza kuwaita wajenzi hao waje kufundisha, na wakiwa hapo vikawapa breki bora za kujaribu. Na wewe msomaji, kama mtaani kwako yupo mzee aliyewahi kukata baiskeli na kuifanya chombo cha mizigo, nenda na simu yako, umrekodi akieleza alivyofanya, mwaka gani, na vyuma alivitoa wapi. Waliojenga maguta ya pedeli wanazidi kuzeeka, na karibu hakuna aliyeandika majina yao.